Vigae vya Maore na Asili ya Neno "Umba"

Mwaka 1967 jarida la Azania lilichapisha makala mbili za mwanaakiolojia Robert Soper. Moja ilihusu uchimbaji wake huko Kwale, kusini mwa Mombasa. Ya pili ilihusu makazi ya kale ya kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na ndani yake aina moja ya ufinyanzi ilipewa jina la Maore. Maore hiyo ni ya kwetu Gonja, pale milima ya Upare Kusini inaposhuka kukutana na mbuga za Mkomazi. Tangu hapo jina hilo limo katika vitabu vya wataalamu, nasi tunaolima juu ya vigae vyenyewe ni wachache tulio na habari.

Masimulizi ya wazee yana kikomo. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare (1969) kwa kukusanya masimulizi ya koo, alianzia karibu mwaka 1500. Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, shahidi anayebaki ni kigae. Chungu huvunjika upesi, lakini vipande vyake haviozi, na kila kipande huhifadhi mkono wa aliyekifinyanga: jinsi alivyoupindua mdomo, alivyoipamba shingo, mchanga aliouchanganya na udongo. Vyungu vya Kwale hutambulika kwa midomo iliyopinduliwa nje na kutiwa mifereji. Mkaa wa kule Kwale, ulipopimwa kaboni, ulielekeza kwenye karne ya 3. Vyungu vya Maore ni vya baadaye, kuelekea mwisho wa milenia ya kwanza. Ndugu za vile vya Kwale wameonekana Upare, Usambara, pwani ya Tanzania, na mbali kabisa hadi Matola, kusini mwa Msumbiji. Hivyo ndivyo ramani ya kuenea inavyochorwa: sura ya chungu, umri wake, na mahali kilipookotwa.

Sisi wapenzi wa lugha tunacho kigae chetu pia. Mganda husema kubumba kwa kufinyanga chungu. Mzulu naye hutumia bumba. Kwa Wachewa ni kuumba. Katika Kiswahili sauti b ya kale ilidondoka, kama ilivyodondoka katika bona ya Kizulu ikatubakia ona. Basi umba yetu, hiyo tunayoiweka kinywani tukimtaja Muumba, ilianza kwenye udongo na mikono yenye matope. Koen Bostoen aliandika kitabu kizima (2005) juu ya maneno na vyungu katika lugha za Kibantu. Neno lililoenea hivyo linatuambia kwamba wazee wa lugha hizi walijua ufinyanzi kabla lugha hazijaachana.

Hapa napaswa kukiri jambo. Kwa miaka mingi nilichora ubaoni mishale minene kutoka magharibi, nikiwaambia wanafunzi, "Wabantu walikuja hivi." Mishale ile ilifanana na jeshi linalotembea. Kigae hakisemi hivyo. Mshairi huutambua utenzi kwa mizani yake nane kabla hajajua habari yake, lakini hawezi kwa mizani hiyo kujua kama mtunzi ni wa Lamu au wa Same. Mtindo hujifunzwa. Huolewa pia: mfinyanzi akiolewa bonde la pili, mkono wake huenda naye.

Na tunao mfano hapa hapa milimani. Wambugu wa Usambara, ambao masimulizi yao huitaja Vudee ya Upare Kusini, wana lugha mbili zenye sarufi moja. Ya kwanza inakaribiana sana na Chasu. Ya pili, iitwayo Ma'a au Kimbugu cha ndani, imejaa maneno ya asili ya Kikushi ndani ya viambishi vya Kibantu. Maarten Mous aliichambua kwa kina mwaka 2003. Chimbua jiko la nyumba kama hiyo baada ya miaka elfu: vyungu viwili vya jiko moja havitakuonyesha kipi kilitajwa kwa lugha ipi.

Felix Chami, katika tasnifu yake ya mwaka 1994, alionyesha kwamba vyungu vya pwani vyenye michoro ya pembetatu vilikua kutokana na vile vya Kwale. Mtindo ulibadilika bila ya kuhitaji wageni wapya. Jonathan Walz naye (2010) alilifuata bonde la chini la mto Pangani, akaeleza kwamba bara na pwani vilikuwa vikipelekeana bidhaa karne nyingi kabla ya misafara ya karne ya 19 iliyokuwa ikipumzika Gonja. Kombe la bahari likiokotwa mbali na maji ya chumvi, kuna aliyelipandisha, na kuna kilichoteremshwa kulilipia. Kwenye ubao wangu mshale wa kuteremka sikuwahi kuuchora.