Chokoleti ya Krismasi na Zawadi Isiyo Yako

Desemba iliyopita nilijifanya mpishi. Nilitengeneza mipira ya chokoleti, nikaifunga kwa karatasi za kumetameta, nikapanda matatu kutoka Kericho mjini hadi kwa kogo wangu, upande wa Bomet. Kogo ni nyanya, kwa wale hamjui Kikipsigis.

Akauma moja, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Hii inatoka kwa mti gani?"

Nikamwambia inatoka supamaketi. Manze, alicheka hadi akajifuta machozi. Huyu ni mama aliyechuma chai miaka mingi. Akishika jani tu anajua limechumwa leo ama jana. Na mimi hapa nimeleta zawadi, sijui hata mti wake unafanana aje.

So niliporudi mjini nilianza kusoma. Nilikuwa natafuta mti, nikapata historia ya chokoleti na ya hapa kwetu zikiwa zimefungwa kwa kamba moja. Kaa hapo, mapishi yako mwisho.

Tuanze 1824. Kijana anaitwa John Cadbury anafungua duka Birmingham, Uingereza. Anauza chai, kahawa na chokoleti ya kunywa. Yaani chai na chokoleti zimekuwa majirani kwenye kaunta moja kwa miaka mia mbili sasa. Chokoleti ya kutafuna ilikuja baadaye, 1847, kampuni ya Fry ya Bristol ilipochanganya unga wa kakao, sukari na mafuta ya kakao, ikaweka kwa kalibu. Miaka ya 1860, mwanawe John, Richard Cadbury, akaanza kuuza chokoleti kwa maboksi ya umbo la moyo. Hiyo desturi ya kumpa mtu wako chokoleti kwa boksi haikutoka kwa wazee wa zamani. Ilitoka kwa watu wa biashara, na walijua kuuza.

Halafu zawadi ikaingia jeshini. Mwaka Mpya wa 1900, Waingereza wakipigana na Makaburu kule Afrika Kusini, Malkia Victoria aliamua kila mwanajeshi wake apate kopo la bati lenye nusu ratili ya chokoleti. Kazi ilipewa Cadbury, Fry na Rowntree. Shida ni kwamba familia za hizo kampuni zote zilikuwa Waquaker, dhehebu lile lile la Friends tunalolijua kutoka Kaimosi, na Waquaker hawapendi vita. Walitaka makopo yasiwe na majina yao. Wanajeshi wengi hawakula hata kipande, waliweka ukumbusho. Mwaka 2021 kopo moja lilipatikana kwenye jumba la kale Norfolk, chokoleti bado iko ndani.

Poa, stori tamu. Sasa sikiza zawadi ya pili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitaka tena kuwashukuru wanajeshi wake. Safari hii haikutoa chokoleti, ilitoa mashamba ya Kenya. Maafisa waliojeruhiwa vitani walitengewa ekari 25,000 hapa Kericho, kwenye ardhi ya Kipsigis, kwa mradi ulioitwa BEADOC. Walipanda kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa mapema tu. Ungedhani basi ardhi itarudi kwa wenyewe. Wapi! Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia, na ile kijani unayopiga picha ukipita na gari ikaanza kupandwa.

Waliolalamika walionyamazishwa wapo. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Kipsigis, ulitungiwa sheria yake maalum ya kuuhamisha. Familia zikapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa malaria na mbung'o. Hii si hadithi iliyoisha. Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa sababu ya ardhi hiyo hiyo.

Ona sasa hizo zawadi mbili. Kopo la bati na ekari 25,000. Zote zilitoka kwa mkono mmoja, kwa watu wale wale, na aliyepeana akaonekana mkarimu sana. Lakini ukarimu wa kutoa kitu cha mwingine unamgharimu nani? Hata ile chokoleti ilikuwa na mtu nyuma yake. Mwaka 1909 Cadbury yenyewe iliacha kununua kakao ya São Tomé, baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wa mashamba ya huko walikuwa wanaishi kama watumwa. Miaka yote kabla ya hapo, utamu ulikuwa unafungwa kwa karatasi safi.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe tulia, ni peremende tu." Naelewa. Mimi mwenyewe nazipenda na sitaacha kuzitengeneza. Lakini sisi watu wa Kericho na Bomet ndio watu wa mwisho wanaofaa kusema hivyo. Tunajua vizuri maana ya kuchuma kitu ambacho jina lake likifika dukani ni la mtu mwingine. Zaidi ya asilimia 90 ya chai ya Kenya huuzwa nje. Mtu wa London anampa mamake pakiti ya chai Krismasi na hajui kogo wangu yupo. Nami nilimpa kogo chokoleti bila kujua kama kuna kogo mwingine Ghana ama Ivory Coast, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Nilimfanyia yule mama kile ambacho tumekuwa tukifanyiwa.

Na mti wenyewe? Kogo, nimekuletea jibu. Mkakao unataka joto na unyevunyevu wa chini, baridi ya huku ingeuua. Lakini hauko mbali: uko Bundibugyo, Uganda, na Kyela, Tanzania. Matunda yake humea kwenye shina lenyewe, si kwenye vijitawi. Mbegu zikitolewa hufunikwa, mara nyingi kwa majani ya migomba, zikachachuka siku kadhaa ndipo zianikwe juani. Bila kuchachuka hakuna ladha ya chokoleti. Yaani ni kama mursik: bila kuvumilia kibuyu, unakunywa maziwa tu.

Mursik ndiyo iliyonifunza la mwisho. Wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege, mtu huwangoja na kibuyu. Anayepeana anajua ng'ombe, anajua mkaa uliosugua kibuyu, anajua nani alikamua. Hiyo ndiyo zawadi yenye uzito.

Sasa mapishi. Chukua gramu 200 za chokoleti nyeusi, ikatekate ndogo ndogo uweke kwa bakuli. Pasha mililita 120 za krimu na vijiko viwili vya chai vya majani ya chai ya hapa kwetu. Ikikaribia kuchemka, zima, funika dakika tano, kisha chuja. Majani yatakunywa krimu kiasi, ndiyo maana tumezidisha. Ipashe tena kidogo, imwagie chokoleti, ngoja dakika mbili, koroga polepole kutoka katikati mpaka ing'ae. Tia chumvi kidogo sana. Funika, acha ilale usiku mzima mezani. Baridi ya usiku wa Kericho inatosha, watu wa Mombasa wekeni kwa friji. Asubuhi chota kwa kijiko, viringisha haraka kwa mikono, pitisha kwenye unga wa kakao. Iwe imeliwa ndani ya siku nne, maana ina krimu.

Halafu kabla hujafunga boksi, geuza pakiti ya chokoleti usome kakao ilitoka nchi gani. Andika kwa kikaratasi: kakao ya wapi, chai ya wapi, maziwa ya nani. Kama pakiti haisemi, andika hivyo pia: "haijasema."

Krismasi hii narudi Bomet na boksi lingine. Kikaratasi kiko tayari. Mstari wa chai nimeuacha wazi, kogo ataujaza mwenyewe, kwa jina lake.