Nyoka wa Rungwe na Jina la Mahali

Sisi watu wa Kyela tunapotaja historia yetu, hutaja machifu, wamisionari na meli. Ni nadra kumsikia mtu akitaja nyoka. Hata hivyo, sehemu ya historia ya pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa imo ndani ya chupa za spiriti katika makumbusho ya ng'ambo. Nikiwa hapa Itungi nimezisoma orodha zake kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1930 Arthur Loveridge, aliyewahi kuwa msaidizi wa bwana nyama hapa Tanganyika kabla ya kuajiriwa na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alizuru nyanda za kusini-magharibi. Alifika Ukinga, Poroto na Rungwe, na pia Mwaya, ufukweni, si mbali na Itungi. Nyoka aliyekusanywa alitiwa dawa asioze na kufungwa kijikaratasi chenye namba. Daftarini namba hiyo iliandikiwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji.

Maneno hayo machache yana kazi kubwa. Mlima Rungwe una nyoka mdogo wa vichakani, wa ukoo mmoja na kifutu. Zamani alihesabiwa kuwa sawa na mwenzake wa milima ya Uganda na Kongo. Mwaka 1940 Charles Bogert, wa makumbusho ya New York, alimtenga na kumwita rungweensis. Mwaka 1998 Donald Broadley alimpandisha kuwa spishi kamili. Bila kujua kila kielelezo kilitoka mlima gani, wasingeweza kuutofautisha mlima mmoja na mwingine.

Lakini jina la mahali laweza kupotosha. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani, Friedrich Fülleborn, alikusanya wanyama wengi huku na kuwapeleka Berlin. Kituo chake kilikuwa Langenburg, ambayo wakati huo ilikuwa Lumbila, kando ya ziwa, chini ya milima ya Livingstone. Baadaye Wajerumani walihamisha boma lao milimani, wakaliita Langenburg Mpya. Hiyo ndiyo Tukuyu ya leo. Ufuko wa ziwa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Tukuyu iko juu ya mita 1,500. Pale joto na mchanga, huku ukungu na migomba. Msomaji wa mbali anayekuta "Langenburg" tu, bila kuitazama tarehe, aweza kumpandisha nyoka wa ufukweni mlimani, au kumshusha wa mlimani majini.

Na liko jambo lisiloandikwa kabisa. Katika vitabu vyake Loveridge anasimulia jinsi wanakijiji walivyomletea wanyama kwa malipo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika juu ya imani kwamba mchawi ana chatu tumboni. Katika nchi yenye imani hiyo, kumbeba nyoka mchana kweupe hadi kambini kwa mgeni kulihitaji moyo. Lakini safu ya mkusanyaji ina nafasi ya bwana mkubwa; aliyeingiza mkono kichakani hana jina. Fülleborn, kwa upande wake, amebaki hadi kwa samaki wa ziwa letu, Labeotropheus fuelleborni, aliyepewa jina hilo mwaka 1926.

Siwalaumu waliohifadhi; wasingehifadhi, tusingekuwa na la kusoma. Ila majina ya wale wabebaji huenda yamekwisha kutupotea. Majina ya mahali bado yapo vinywani mwa wazee wanaojua mto ulipopita kabla haujahama, na kijiji kilikuwa wapi kabla ya mafuriko. Tuyaandike sasa, tuyapeleke kwa wenye chupa. Hilo ni sahihisho ambalo Harvard na Berlin haziwezi kulifanya bila sisi.