Samaki wa Magufuli: meli ikikamatwa bahari kuu sheria inasemaje?

Wadau, ukitaja "samaki wa Magufuli" watu wanacheka tu, ila ile kesi ni darasa zima la sheria za baharini.

Kwanza mipaka. Kutoka pwani hadi maili 12 ni maji yetu kabisa. Kutoka hapo mpaka maili 200 ni ukanda wa kiuchumi: meli ya mgeni kupita ruksa, kuvua mpaka leseni. (Maili ya baharini ni mita 1,852, siyo ile ya barabarani.) Ukivua bila leseni ni faini nzito, na mahakama inaweza kutaifisha meli na samaki wote.

Na jela? Hapo ndo wengi wanachemsha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 73, unasema kosa la uvuvi ndani ya ukanda huo lisiwe na adhabu ya kifungo, labda nchi husika ziwe zimekubaliana. Tena ikiwekwa dhamana ya maana, meli na mabaharia waachiwe haraka.

Sasa Machi 2009, doria iliyotumia meli ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, ikainasa Tawariq 1 kwenye ukanda wetu ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi jodari. Magufuli ndo alikuwa waziri wa uvuvi. Samaki wakagawiwa taasisi mbalimbali, jina likabaki mpaka leo. Februari 2012 Mahakama Kuu ikamtwanga nahodha faini ya sh. bilioni 21, kwa uvuvi haramu na kuchafua bahari, na wakala bilioni 1. Wasipolipa, jela.

Mnasherehekea? Subirini. Machi 2014 Mahakama ya Rufaa ikafuta kila kitu. Siyo kwamba ilisema jamaa hawakuvua, hapana! Sheria inataka kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) kabla ya kuwashtaki watu kama hao, na kibali hakikutolewa inavyotakiwa. Bilioni 22 zikayeyuka kwa karatasi moja! Agosti 2014 DPP akaachana na kesi. Wakati huo samaki wameshaliwa zamani na meli imechakaa Dar.

Mimi naona doria ilifanya kazi yake, waliotuangusha ni wa mafaili. Mdau uliyesoma sheria, kama umewahi kuipitia ile hukumu ya rufaa, tumwagie hapo chini.