Taa za Ndagala: Betri katika Uvuvi wa Usiku wa Uvira

Historia ya uvuvi wa usiku katika pembe ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kushuka hadi Makobola na Baraka, ni historia ya mwanga, kwa kuwa ndagala, samaki wadogo wa aina mbili ambazo wataalamu huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, hupanda kutoka kilindini giza linapoingia na hukusanyika palipo na nuru. Anayetaka kuelewa kwa nini betri imekuwa chombo cha lazima katika ufuko huo, na kwa nini imewasumbua watu kiasi hicho, hana budi kuanza na mianga iliyoitangulia.

Wavuvi wa kale waliwasha kuni au matete mbele ya mtumbwi na kuwachota samaki kwa lusenga, yaani wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 zilienea taa za karabai, ambazo mafuta yake husukumwa kwa pampu na kuwaka kwa nuru nyeupe kali, na pamoja nazo ukaja uvuvi wa katamarani, ambapo mitumbwi hufungwa sambamba kwa miti, wavu mpana ukateremshwa chini yake kisha ukainuliwa. Karabai ilikuwa ghali, kwa sababu mafuta yake yalitoka mbali na vita viliikata njia mara kwa mara, lakini mwenye nayo alikuwa na jambo moja la kumtuliza: akilitikisa tangi, alijua papo hapo kama nuru itafika alfajiri.

Betri haionyeshi kilichomo ndani yake, na huo ndio mzizi wa matatizo yaliyofuata. Betri ya risasi na asidi, ya kwanza duniani iliyoweza kujazwa upya, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, mwaka mmoja tu baada ya wavumbuzi Burton na Speke kufika Uvira. Hata hivyo mvuvi hakuwa na faida nayo kubwa kwa muda mrefu, kwa kuwa balbu za zamani zilikula umeme mwingi mno. Taa za LED, zinazotoa nuru nyingi kwa umeme kidogo, ndizo zilizobadili hesabu, na katika muongo wa 2010 zilisambaa ziwani kwa kasi. Betri ya volti 12 yenye ujazo wa ampea-saa 50 hubeba, ikiwa mpya, wati-saa 600. Taa zenye jumla ya wati 30 zikiwaka saa kumi hutumia nusu yake, na nusu hiyo ndiyo mpaka ambao haifai kuuvuka.

Sababu ni ya kikemia. Umeme unapotoka, sahani za risasi zilizomo ndani hufunikwa na salfati, yaani chumvi inayozaliwa risasi inapokutana na asidi, na umeme unaporudishwa chumvi hiyo huyeyuka. Ikiachwa siku nyingi hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya sahani huwa imekufa. Betri za magari huumia zaidi, kwa kuwa sahani zake ni nyembamba, zimeundwa kuamsha injini kwa sekunde chache, si kuwasha taa usiku kucha. Isitoshe, sehemu ya tano ya mwisho ya kujaza huhitaji saa nyingi, nayo ndiyo inayokosekana umeme wa mjini unapokatika au mawingu ya masika yanapozifunika paneli za jua, hata betri ikarudi ziwani ikidhaniwa imejaa. Lawama nyingi zinazotupiwa betri zilistahili kutupiwa ujazaji huu wa nusunusu.

Kalenda ya uvuvi nayo huongeza hatari ambayo haijazingatiwa vya kutosha. Mbalamwezi inapokuwa kali, nuru ya taa hupoteza nguvu na wavuvi hupumzika kwa takriban juma moja kila mwezi. Betri iliyowekwa pembeni bila kujazwa baada ya usiku wa mwisho hukaa siku zote hizo katika hali inayoiua. Hatari nyingine iko katika maji ya kuongezea betri: maji ya Tanganyika, mazuri kwa mengi, yana madini mengi, magnesiamu ikiwemo, na kuyamimina ndani ya betri badala ya maji yaliyokenekwa ni kuzichafua sahani zake.

Betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa duniani mwaka 1991, zinaziondoa baadhi ya taabu hizi, hasa zile za lithiamu, chuma na fosfeti, zinazovumilia kutumiwa kwa kina na hazina salfati inayoweza kuwa ngumu. Lakini zinadai utunzaji ulio kinyume na uliozoeleka. Mwaka 2024 Tanzania iliufunga uvuvi upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei ili samaki wazaane, na katika mapumziko marefu kama hayo betri ya risasi hutakiwa kuhifadhiwa ikiwa imejaa na kuongezwa umeme kila baada ya wiki kadhaa, ilhali ya lithiamu hudumu zaidi ikihifadhiwa karibu na nusu, mahali penye ubaridi, mbali na mabati yanayochomwa na jua.