Vinasaba vyafichua maradhi ya muhogo kabla ya kupanda

Mkulima wa muhogo hapandi punje. Hupanda pingili alizokata katika shamba lake au alizopewa na jirani. Pingili ikiwa na virusi, mmea huchipua ukiwa tayari mgonjwa. Kwa njia hiyo maradhi husafiri kutoka shamba hadi shamba, na kuvuka mipaka ya nchi.

Maradhi makuu ni mawili. Batobato, iliyoelezwa mwaka 1894 katika Tanzania ya leo, hukunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia, iliyoelezwa mwaka 1936, huozesha mizizi ardhini, na mara nyingi mkulima huibaini siku ya kuvuna. Yote mawili huenezwa pia na nzi weupe.

Jicho halitoshi kuyatambua. Mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali ilianza kuangamiza mihogo nchini Uganda, kisha ikaenea hadi Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba virusi viwili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa aina mpya. Vinasaba vimeonyesha pia kwamba nzi weupe wanaofanana kwa sura ni jamii kadhaa tofauti.

Zamani sampuli zilipelekwa maabara za mbali na majibu yalichukua miezi. Sasa kipo kifaa kinachoenea kiganjani: DNA hupita katika vitundu vidogo mno, na mabadiliko ya umeme husomwa kuwa herufi za urithi. Mwaka 2018, watafiti walikitumia shambani nchini Kenya wakapima majani, shina, mzizi na wadudu. Majibu yakapatikana ndani ya saa tatu. Virusi vya batobato vina DNA, hivyo husomwa moja kwa moja. Vya michirizi ya kahawia vina RNA, ambayo kwa kawaida hugeuzwa kwanza kuwa DNA.

Kipimo hakiponyi, kwani mmea ulioambukizwa hauna dawa. Faida yake ni kumwezesha mkulima kung'oa mmea mgonjwa mapema, kuacha kugawa pingili zake na kutafuta mbegu safi ya aina inayostahimili. Mbegu hiyo isipopatikana karibu, jibu la saa tatu halitaokoa mavuno.