Fedha Inapowaka Ndani ya DNA: Kila Herufi Ina Kazi Yake

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo. Wengi wetu DNA tunaijua kwa habari za kumtafuta baba wa mtoto tu. Mimi naongelea kazi yake nyingine: kufanya madini yatoe mwanga.

Tuanzie hapa. Hereni ya fedha inaakisi mwanga tu. Lakini atomi chache za fedha, kama 10 hadi 20 hivi, zikikaa pamoja zinakuwa kitu kingine kabisa. Kikundi hicho kinaitwa nanoklasta. Ukikimulika, kinanyonya mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine, kama zile alama za noti zinazowaka chini ya taa ya kukagulia noti bandia.

Shida ni kwamba zikiachwa hivihivi kwenye maji, atomi zinagandana na kuwa chembe kubwa, mwanga kwisha. Mwaka 2004 timu ya Robert Dickson wa Georgia Tech, Marekani, ilionyesha kwamba kipande kifupi cha uzi wa DNA kinaweza kuzishikilia.

Sasa muundo unaingiaje? DNA ina herufi nne: A, T, G na C. Fedha inaipenda sana C. Kwenye DNA ya nyuzi mbili, C imeshashikana na G, kwa hiyo fedha haipati nafasi. Ndiyo maana hutumika uzi mmoja wenye C nyingi. Ukibadilisha mpangilio wa herufi, idadi na mkao wa atomi hubadilika, na rangi nayo: kijani, nyekundu, mpaka ile isiyoonekana kwa macho. Shaba ina tabia zake, yenyewe inakaa vizuri kwenye nyuzi mbili, au kwenye uzi wa T tupu.

Kubwa zaidi lilikuja mwaka 2010. Watafiti wa Los Alamos, Marekani, waliona kwamba nanoklasta ya fedha iliyofifia ikisogezwa karibu na uzi wenye G nyingi, mwanga wake mwekundu unaongezeka mara 500. Wakatengeneza kipimo: uzi mmoja unabeba fedha, mwingine unabeba G. Zikikutana juu ya DNA inayotafutwa, mwanga unawaka. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba hata tofauti ya herufi moja inabadilisha rangi.

Msidharau herufi moja, jamani. Selimundu, ugonjwa unaotesa watoto wengi kwetu, unatokana na A moja kugeuka T.

Ila bado ni kazi ya maabara. Fedha hizi zinaharibika kwa hewa na chumvi, na damu ina vitu vingi vya kuzivuruga. Kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia "kipimo cha DNA kinachong'aa" mtaani, shika pochi yako.

Wanaosoma kemia, karibuni mwongezee hapo chini.