Kusakinisha, Kuondoa na Kung'oa Kifurushi

Mtanzania akisikia neno kifurushi, kwanza hukumbuka dakika na intaneti anazonunua kwa simu. Kwa mtumiaji wa Linux, kifurushi ni faili moja iliyobeba programu, namba ya toleo lake, na orodha ya vifurushi vingine inavyovihitaji ili ifanye kazi. Hivyo vingine wengi huviita vitegemezi. Neno sahihi ni vitegemewa, kwa kuwa programu ndiyo inayotegemea, na vyenyewe ndivyo vinavyotegemewa.

Tuchukue fntsample, kifurushi cha kukagua fonti kinachopatikana katika hazina za Debian na Ubuntu. Hupanga herufi zote za fonti katika majedwali na kuyatoa kama PDF. Anayetaka kuchapa utenzi wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ana haja nacho, maana si kila fonti ya Kiarabu ina پ, چ na ڤ, herufi za sauti za p, ch na v. Fonti ikizikosa, mahali pake huweza kutokea visanduku vitupu.

Fungua temino (terminal), na kwenye mstari wa amri andika:

sudo apt install fntsample

Sudo hukupa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Apt hutafuta kifurushi pamoja na vitegemewa vyake, huvipakua, kisha huvisakinisha. Kupakua na kusakinisha ni kazi mbili. Kupakua ni kuileta faili tu. Kusakinisha, kutokana na sakini, yaani kaa mahali, ni kuipa programu makazi: mafaili yake huwekwa kila moja mahali pake, na jina lake huingizwa katika daftari la mfumo. Baada ya hapo unaweza kukagua fonti yako:

fntsample -f fonti.ttf -o sampuli.pdf

Utata huanza wakati wa kuagana na kifurushi. Amri ya apt remove huondoa programu lakini huacha mafaili yake ya usanidi (mipangilio) katika mfumo, ikiwa yapo. Apt purge huondoa na hayo pia. Tofauti utaiona ukiandika dpkg -l: kifurushi kilichosakinishwa huonyeshwa kwa ii, na kilichoondolewa huku usanidi wake ukibaki huonyeshwa kwa rc. Vitegemewa visivyohitajika tena husafishwa kwa apt autoremove. PDF uliyotengeneza haiguswi na amri yoyote kati ya hizo.

Wapo wanaoita kazi hii ya kuondoa programu kusanidua. Kiambishi chake cha kutendua tunakijua katika funga na fungua, ziba na zibua. Lakini kusanidi ni kupanga mipangilio, kwa hiyo kusanidua kungekuwa kuitangua mipangilio hiyo, ilhali apt remove huiacha palepale. Neno linaahidi jambo ambalo amri haitendi.

Kwa hiyo napendekeza remove iwe kuondoa, na purge iwe kung'oa, kama ung'oavyo mti pamoja na mizizi yake. Walimu wa kompyuta na wafasiri wa programu, tuyatenganishe maneno haya mawili. Mwanafunzi anayesoma kuwa ameondoa kifurushi ana haki ya kujua kilichobaki ndani ya mashine yake.